BAJAJI AU GUTA? CHOMBO GANI KITATUFAA

(Maelezo ya kamati ndogo ya usafiri, yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni katika sherehe ya miaka 10 ya kikundi)



Miaka 10 si mchezo. Vikundi vingi tulivyovianza pamoja vimekufa, vingine kwa ugomvi, vingine kwa sababu mwenye funguo alihama nazo. Sisi tupo, na sanduku letu lipo, na funguo zake tatu bado ziko kwa watu watatu tofauti. Haba na haba hujaza kibaba.

Mnakumbuka kwamba katika mgao uliopita kila mwanachama alikubali kuacha sehemu ya faida yake sandukuni ili kikundi kinunue chombo cha matairi matatu cha kutuingizia kipato. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wenzetu wa sokoni wanataka guta la kubebea mizigo. Wenzetu wa mitaani wanataka bajaji ya abiria. Na hata wanaotaka bajaji hawakubaliani, huyu anasema Bajaj, yule anasema TVS. Mkutano ukatuteua sisi wanne, ukatuambia: nendeni mkapande, mkaendeshe, mkaulize, mrudi na maelezo. Tumerudi.

Tunaomba mtusikilize kwa makini, maana fedha hii si ya msaada. Ni karo za watoto, ni mitaji ya vitumbua na mboga ambayo mtu amejinyima. Tukikosea kuchagua, hatutakuwa na mfadhili wa kumlilia.

VYOMBO VYENYEWE

Watu wengi husema "bajaji" kwa kila chombo cha abiria chenye matairi matatu. Kwa kweli Bajaj ni jina la kampuni moja ya India, na jina lake limegeuka kuwa jina la chombo, kama ilivyokuwa kwa sabuni ya unga ambayo wengi wetu bado tunaiita Omo hata kama pakiti imeandikwa jina jingine. Aina inayoonekana sana barabarani inaitwa Bajaj RE. Herufi hizo mbili maana yake ni injini ya nyuma, na hilo mlikumbuke kwa sababu tutalirudia.

Ya pili ni TVS King, nayo ya India. Hii na Bajaj RE zinafanana sana kama ndugu. Zote zina upana wa mita 1.3 hivi na urefu wa mita 2.6 hivi, na matairi madogo ya inchi 8. Zinazouzwa siku hizi zina injini ya petroli isiyochanganyiwa oili kwenye mafuta, tofauti na zile za zamani zilizokuwa zikitoa moshi wa bluu.

Ya tatu ni Piaggio Ape. Mwanzo wake ni Italia mwaka 1948, baada ya Vita Kuu ya Pili, watu walipokuwa hawana uwezo wa kununua magari. Neno hilo "ape" kwa Kitaliano maana yake ni nyuki. Baadaye zikaanza kutengenezwa India pia, na huko zimetoka za petroli na za dizeli. Hata Bajaj wenyewe walianza kwa kutengeneza vyombo vya Piaggio kwa leseni. Kwa hiyo mtu akigombana na mwenzake juu ya Bajaj na Piaggio, ajue anagombanisha ukoo mmoja.

Ya nne ni guta la injini, ambalo wengine huliita toyo. Majina ubavuni ni mengi na mengi ni ya Kichina, lakini umbile ni moja: mbele ni pikipiki kamili yenye tandiko na tangi la mafuta, nyuma ni bodi la mizigo.

UENDESHAJI

Kati yetu wanne, wawili tulikuwa hatujawahi kushika usukani wa chombo chochote. Tukasema hiyo ni faida, maana anayejua tayari hawezi kukuambia kipi ni kigumu kwa anayejifunza. Tulijifunzia kwenye uwanja wa wazi, tukiwa na mwalimu mwenye leseni.

Katika bajaji za abiria tulizoendesha, mkono wa kulia ndio wa mafuta. Mkono wa kushoto ndio wenye kazi mbili, klachi na gia. Unabana klachi kwa vidole na kuzungusha kishikio kuweka gia ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Rivasi ina wenzo wake peke yake. Breki iko mguu wa kulia. Siku ya kwanza kiganja cha kushoto kinauma kama umetwanga uwele kutwa nzima. Siku ya tatu kinazoea. Mtu mwenye kiganja kidogo aijaribu klachi kabla ya kununua. Tuliona bajaji mbili za jina moja, ya kwanza klachi laini, ya pili ngumu kama jiwe. Fundi akatuonyesha kwamba ni waya tu umekauka. Akaupaka oili, mambo yakawa sawa.

Guta ni kama pikipiki. Klachi mkono wa kushoto, gia mguu wa kushoto, breki ya nyuma mguu wa kulia, na rivasi kwa wenzo wa pembeni. Na hapa tuseme wazi, akina mama, maana wanaume hawatatuambia: kwenye guta unakaa umepanua miguu juu ya tandiko. Kwa khanga na kitenge haiwezekani, lazima uvae suruali. Tena kwenye mengi jua la saa saba ni lako na vumbi la lori lililo mbele ni lako. Kwenye bajaji dereva anakaa kwenye kiti, miguu pamoja chini, paa juu na kioo mbele. Mwanachama wetu yeyote anaweza kuiendesha kwa gauni lake la kawaida.

Jambo la kujifunza kwa wote ni kona. Chombo cha matairi matatu si gari lililopungukiwa tairi moja, ni kitu kingine kabisa. Mbele kuna tairi moja katikati. Ukiingia kwenye kona kwa kasi na kukanyaga breki humo humo, uzito wote unakimbilia pembe ya mbele ya upande wa nje, na pale hapana tairi la kuupokea. Ndiyo maana bajaji hulala ubavu. Sheria tuliyofundishwa ni fupi: punguza mwendo kabla ya kona, usipunguze ndani ya kona. Na hili halina jina la kampuni. Bajaj, TVS, Piaggio na guta zote ni vile vile. Guta likiwa na mzigo mrefu linakuwa baya zaidi, kwa sababu uzito umepanda juu.

Jambo la pili ni mashimo. Gari dogo likikuta shimo, dereva analiweka katikati ya matairi na kupita. Bajaji inaacha nyayo tatu. Ukilikwepesha shimo lisiingie tairi la nyuma, la mbele linalifuata. Kwa hiyo dawa ya shimo ni mwendo wa pole, si ufundi wa kukwepa.

KUKAA KWA ABIRIA

Tulikubaliana kwamba kila safari tubadilishane, mmoja aendeshe, watatu wakae nyuma, kisha wazunguke. Hii ilitufumbua macho. Kiti cha abiria kiko karibu juu ya matairi ya nyuma, na kiti cha dereva kiko katikati ya tairi la mbele na ya nyuma. Tuta likipigwa, dereva anasikia kidogo, abiria anarushwa. Dereva wengi wa bajaji si wakatili, ila hawajawahi kukaa nyuma ya bajaji yao wenyewe. Kama tutakuwa na dereva wetu, sharti letu la kwanza ni kwamba akae nyuma siku nzima mtu mwingine akiendesha. Baada ya hapo tutamkabidhi ufunguo.

Kati ya Bajaj RE na TVS King, kwa abiria hatukuona tofauti ya kutufanya tugombane. Nafasi ya magoti ni ile ile kwa kadiri, na hatua ya kupandia ni ya chini, jambo zuri kwa mwanachama mzee au mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Tofauti kubwa tuliyoona ilikuwa ni hali ya chombo. Bajaji yenye shokapu nzima na upepo wa kiasi kwenye matairi ilitubeba vizuri. Ya jina lile lile yenye shokapu zilizovuja ilitupiga migongo. Mengi yanayosemwa vijiweni juu ya majina ni habari za shokapu na upepo wa tairi. Wengine hujaza upepo mwingi ili mafuta yasiliwe, wakisahau kwamba abiria naye ni mtaji.

Ya dizeli ina nguvu ya kuvuta mlima ikiwa imejaa watu, ila injini yake ya pistoni moja inatikisika na kupiga kelele, na ukishuka unaona masikio yanalia. Kwa mama mjamzito hatuipendekezi. Na hapo mkumbuke ile injini ya nyuma: kwenye bajaji zote za abiria tulizopanda injini iko chini na nyuma ya kiti, kwa hiyo safari ikiwa ndefu joto linapanda mgongoni. Mwezi wa Juni baridi ya Dodoma inaufurahia mgongo huo. Mwezi wa Novemba haufurahiwi na mtu.

Turubai za pembeni nazo zitazamwe. Chombo kinachofungwa vizuri kinazuia mvua, lakini kikitembea kwenye barabara ya vumbi hewa ya nyuma inavuta vumbi ndani. Waliovaa nguo za sherehe wanajua.

Guta halina kiti cha abiria. Tunalisema hili tukiwatazama wenzetu machoni, kwa sababu tunajua siku ya mnada wa Msalato mnavyorudi, mmekaa juu ya magunia na mtoto mgongoni. Springi za nyuma za guta ni za bapa, kama za lori, na zimetengenezwa kwa uzito. Guta likiwa tupu linaruka kama mbuzi, likijaa linatulia. Lakini aliyekaa juu ya mzigo hana cha kushika, na kona tuliyoieleza inamngoja. Guta la kikundi hiki, likinunuliwa, lisibebe mtu nyuma. Liandikwe kwenye katiba.

BARABARA ZETU

Dodoma ya leo si ile ya zamani. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulifanywa mwaka 1973, lakini Serikali ilianza kuhamia kweli kweli mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikatangazwa Jiji. Watu wameongezeka, Mji wa Serikali umejengwa Mtumba, Chuo Kikuu cha Dodoma kimejaa vijana, stendi kuu imehamia Nzuguni, na tangu mwaka 2024 treni ya SGR inashusha abiria wanaotaka kufika majumbani. Kazi ya bajaji ipo.

Lakini lami haifiki kila mlango. Ukiacha lami ya Kisasa au Area C na kuingia mitaa ya ndani ya Nkuhungu au Chang'ombe, unakutana na kichanga. Tairi moja la mbele linalima kichanga kama jembe, usukani unakuwa mzito na chombo kinataka kwenda kinakotaka chenyewe. Hapo ni gia ndogo, mafuta ya kiasi, bila breki za ghafla. Masika, kuanzia Desemba hadi Aprili, kuna vijito ambavyo jana vilikuwa vikavu na leo vina maji. Bajaji yenye kilo 350 hivi ikiwa tupu haishindani na maji yanayotembea. Dereva asubiri, na kikundi kisimdai hesabu ya saa hizo.

Na vumbi letu linaua injini. Chujio la hewa lisafishwe mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema, hasa tangu Julai hadi Oktoba upepo unapovuma. Oili ibadilishwe kwa tarehe iliyoandikwa ukutani, si kwa kukumbuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

SPEA NA FUNDI

Hapa ndipo palipoamua mambo kuliko kiti na kuliko klachi. Tulitembea kwenye maduka ya spea mjini na kuuliza vitu vitano kwa kila jina: waya wa klachi, breki za nyuma, shokapu, beringi za tairi na kabureta. Za Bajaj na TVS tulizikuta kwa urahisi, na mafundi wanaozijua wako karibu na kila kituo. Za majina mengine mara nyingi tuliambiwa "njoo wiki ijayo" au "tunaagiza Dar es Salaam". Wiki moja ya kulala ni wiki moja ya hesabu iliyopotea. Kwa guta, spea zipo, ila majina ni mengi na spea ya hili mara nyingine haikai kwenye lile, hasa difu na shafti.

Sasa hesabu, na tunaomba mjue kwamba hii ni ya mfano tu. Tuseme dereva analeta shilingi 15,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Hiyo ni 90,000 kwa wiki. Kwa mwaka tuhesabu wiki 50, maana kutakuwa na misiba, sikukuu na gereji: 4,500,000. Tutoe robo kwa bima, leseni, matairi na matengenezo, yaani 1,125,000. Inabaki 3,375,000. Chombo cha shilingi milioni 10 kitarudisha fedha yake karibu na mwisho wa mwaka wa tatu. Si mwaka wa kwanza, kama wanavyosema wauzaji. Mmoja wao alitupigia hesabu nzuri sana, lakini ndani yake hapakuwa na tairi hata moja lililochakaa.

Wako waliouliza kuhusu mkopo wa halmashauri. Ni kweli kwamba sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024. Kikundi kilichosajiliwa na chenye daftari safi kinaweza kuomba. Ushauri wetu ni kwamba chombo cha kwanza tukinunue kwa fedha yetu, tujifunze nacho, na mkopo uje kwa chombo cha pili.

MAPENDEKEZO

Ndugu Mwenyekiti, baada ya hayo yote kamati inapendekeza haya.

Kwanza, tununue bajaji moja ya abiria, mpya, ya Bajaj au TVS, ile itakayopatikana kwa bei nzuri na dhamana ya maandishi siku tutakapokuwa na fedha mkononi. Guta lifuate kutokana na faida ya bajaji. Wenzetu wa sokoni wasione tumewasahau. Mizigo yao ni ya msimu, zabibu zina miezi yake na alizeti ina miezi yake, lakini abiria yupo kila siku. Chombo cha kila siku kitazaa cha msimu.

Pili, asinunue mtu mmoja. Waende watatu na fundi, na kila mmoja akae kiti cha dereva na kiti cha nyuma kabla ya kulipa.

Tatu, wanachama wawili wafundishwe udereva na wakate leseni. Hata tukiajiri kijana, mwenye mali anayejua kuendesha hadanganywi kuhusu klachi.

Nne, bajaji imebuniwa kwa dereva na abiria watatu nyuma. Wa nne anayebanwa pembeni ya dereva tusimchukue, hata awe mjomba wa mwenyekiti.

Tano, mapato na matumizi yaandikwe kila jioni na kusomwa kila kikao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tumefika miaka 10 kwa sababu ya daftari.

Wako watakaosema wanawake na bajaji wapi na wapi. Miaka 10 iliyopita walisema wanawake na sanduku la fedha wapi na wapi. Sanduku hilo lipo pale mezani limefunikwa kitambaa, na baadhi ya waliosema hivyo leo ni wageni wetu na tumewapikia pilau.

Kura itapigwa kikao kijacho, kila mwenye hisa kura moja, haijalishi ana hisa ngapi. Mwenye swali atuulize leo tukiwa tunakula. Mwenye bajaji yake aliyeko hapa na anaona tumesema lisilo sawa, asinyamaze, atueleze, kwani fedha bado haijatoka.

Tunawashukuru waliotuazima vyombo vyao na mafundi waliotuvumilia kwa maswali mengi.